Barakoa na Marobota

Jumatatu, 4 Agosti

Mipira ya maji imeoshwa, imeanikwa. Asubuhi zamu yangu ya kufundisha. Askari wapya sita wa zimamoto, wote wametoka chuoni mwaka huu. Nimewafundisha moto wa pamba. Ukilimwagia robota la pamba maji, linazima nje, ndani linaendelea kuungua kimya. Lazima lichanwe. Wakaandika kwenye simu zao.

Mchana zamu yangu ya kufundishwa. Mkuu wetu mpya, Afande Rehema, ana umri wa binti yangu wa pili. Ametuletea barakoa mpya na mitungi ya hewa. Dakika ya tatu nikaivua barakoa. Nikasingizia kikohozi. Uongo. Niliogopa.

Jumatano, 6 Agosti

Zoezi la chumba cha giza. Wanatambaa, mtungi mgongoni, mkono ukutani. Nikasema goti linauma. Pendo, mmoja wa wale wapya, binti aliyetoka Nyashimo, akaniletea kiti. Afadhali angenicheka.

Miaka sita tangu hewa iniishie ndani ya stoo ya magodoro iliyokuwa ikiungua. Tangu siku ile siwezi kufunikwa uso, hata na shuka. Kazini hajui mtu. Moto mdogo nimeuzima kwa kitambaa kibichi puani. Mkubwa, nimejipa kazi ya pampu.

Ijumaa, 8 Agosti

Rehema aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Mzee Masanja, Jumatatu ni mtihani wa barakoa. Usipopita, nakuweka kwenye simu za dharura."

"Miaka thelathini na moja, afande."

"Ndiyo maana nakwambia tukiwa wawili."

Nimekasirika. Zaidi kwa sababu hajakosea.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kabla sijalala.

Saa nane mchana, ghala la pamba upande wa Nkololo. Vijana walimwaga maji, ndimi za moto zikaisha, wakatoka wanapongezana. Nikawaambia bado. Rehema akanigeukia: "Tufanyeje, mzee?" Mbele ya wote. Nikasema waingie, washushe marobota, wayachane.

Sikusema waanzie juu. Niliona ni jambo la wazi. Kwangu mimi.

Daudi, mmoja wa wale sita, alivuta la chini, rundo likaporomoka. Mlango ukatoa vumbi, kisha moshi mweusi. Wenzake wakatoka. Yeye hapana.

Wawili kati ya waliotoka, mitungi yao ilikuwa imekwisha. Rehema alikuwa nyuma ya ghala na wengine, wanatoboa bati. Mlangoni tulikuwa mimi na Pendo, yeye na mtungi wake mgongoni, na mtungi mmoja wa akiba. Haruhusiwi mtu kuingia peke yake. Nikauvaa. Barakoa ilipobana, kifua kikafunga. Mikono ikaenda kuivua yenyewe. Pendo akaishika.

"Afande, toa pumzi kwanza. Toa yote. Tena."

Nikatoa. Hewa ikaingia.

Tulitambaa ukuta wa kushoto. Sikuona kitu. Nilisikia kengele ya mtungi wa Daudi, ile ya hewa kuisha, ikilia, kisha nikagusa buti. Robota lilikuwa juu ya mguu. Tukalibiringisha. Nikamvuta kwa mikanda ya mtungi huku nikisema, "Twende, ng'wanawane, twende mwanangu," ingawa ndani ya barakoa hakusikia.

Nje alikuwa anapumua. Mguu umevunjika.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimekwenda hospitali. Mama yake Daudi alinishika mikono yote miwili, ananishukuru kwa Kisukuma. Sikuvumilia. Nikamwambia amri ilikuwa yangu, nami sikuimalizia. Aliniachia mikono, akaendelea kumpepea mwanawe. Ni haki yake.

Nyumbani nimemwambia mke wangu yote, hata nilivyokuwa nakwepa barakoa kazini. "Miaka sita, baba Kabula?" Basi.

Jumatatu, 11 Agosti

Kwenye paredi nimewaeleza vijana. Kwamba naogopa barakoa. Kwamba nilifundisha nusu, nusu nyingine ikamwangukia Daudi. Hakucheka mtu. Pendo alikuwa anatazama buti zake.

Rehema hakufuta mtihani. Chumba cha giza, dakika ishirini. Nilitoka ya kumi na mbili, nimelowa jasho. Sikupita. Ameandika hivyo, na mimi nimesaini. Kuanzia kesho nashika simu. Asubuhi nitaendelea kufundisha pamba, na mchana Pendo atanivalisha barakoa hadi nizizoee hizo dakika nane zilizobaki. Kajitolea mwenyewe.

Jioni tuliketi nje ya kituo, mimi na Rehema, tunakunywa chai. Akaniomba nimwelezee upangaji wa marobota. Nikaanzia juu.