Sikio Kwenye Bomba

Marahaba, Neema wangu. Huku Goba hatujambo. Mama yako anakusalimu, na ule mpapai ulioupanda umeanza kuzaa.

Unaniuliza kama uache masomo ya usimamizi wa maji, maana unatoka kazini umechoka, na mwalimu wako aliye mbali unamsikia kwa simu inayokwaruza tu.

Nilipokuwa msichana Tandale, bomba la mtaa likikauka, tulipanga ndoo, kisha mama yangu akalitegea sikio. Siku moja nami niliinama. Nikasikia upepo, fyuu, kama mtu anayehema usingizini. Nikashika ndoo niondoke.

"Tulia, we mtoto," akasema, macho kayafumba. "Upepo huo unasukumwa na maji. Yametoka Ruvu, yako njiani."

Mie Ruvu sijawahi kufika. Lakini nilipofumba macho niliuona mto mzima ukitembea chini ya nyumba za watu, unakuja kwetu. Tulikaa hivyo, shavu kwenye chuma, mpaka chuma kikaanza kupoa, maji yakafika.

Basi jioni simu ikikwaruza, mjukuu wangu, fumba macho kidogo. Ndoo yako iache hapo hapo bombani.

Bibi yako anayekuwaza.