Veranda Isiyo na Geti

Jumatano. Asubuhi jua la kuunguza, alasiri mvua ya kishindo. Kakamega ni Kakamega.

Sijui nianzie wapi, maana bado natabasamu peke yangu. Nyumba yetu haibomolewi.

Nyumba yenyewe ni ya matofali, mabati mazito ya zamani, sakafu nyekundu ya saruji. Mtaa huu ulijengwa enzi watu walipokuja kutafuta dhahabu, na kila nyumba iliwekewa veranda inayotazama barabara, kwa sababu ya mvua zetu hizi. Babu yetu alikuwa fundi mwashi. Alipoinunua akaipanua veranda, kisha akakataza geti. Anayenyeshewa apande tu, asibishe hodi. Majirani wengi wameshaweka vyuma. Sisi hatujaweka, na kwa hilo naringa.

Kaka yangu Ambani, niliyeirithi naye, alitaka tuiangushe tujenge ghorofa ya wapangaji. Simlaumu; mabati yanavuja na ana watoto wa kusomesha. Leo alileta mkandarasi na mchoro. Niliutazama: hakuna veranda. Ukuta mtupu mpaka barabarani.

Mvua ikatukuta tumesimama pale pale mbele ya nyumba.

Tukapanda, na watu wakapanda nyuma yetu: mama mboga na beseni lake, wanafunzi, mzee mmoja na kuku kwapani. Hakuna aliyeomba ruhusa. Kukhu Muhonja, bibi kizee wa nyumba ya pili, akamsukuma mkandarasi taratibu.

"Songa kidogo, baba. Sisi hapa tunangojeanga mvua pamoja."

Mkandarasi akasonga, mchoro kaukumbatia kifuani usilowe.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumpinga kaka. Sikuyahitaji.

Ambani alimwekea kukhu kiti, akabaki akiziangalia nguzo za babu. Kisha akamgeukia mkandarasi: "Kwa mchoro wako, hawa wangesimama wapi?" Yule bwana akatazama karatasi, akatazama watu, akaikunja.

Mvua ilipokatika, kaka akamwambia arudi na mchoro mwingine. Vyumba vya kupangisha vijengwe uani, mabati yabadilishwe, nyumba ibaki. Nikaingia jikoni nikalia. Ndiyo, nililia, na sioni aibu.

Sasa sakafu yetu nyekundu imejaa matope ya viatu vya watu nisiowajua. Kesho nitaipiga deki. Jioni hii niacheni niitazame kwanza.