Nimebaki Peke Yangu Kwenye Duara la Kinubi

Hafod Wen,
Karibu na Bala,
Wales.
9 Machi 2026

Mpendwa dada Arianwen,

Pokea salamu zangu, na mvua yetu kidogo kama huko kwenu Trevelin, ng'ambo ya bahari, mmepungukiwa. U hali gani? Goti limekubali kupona, au bado unapanda farasi kwa ubishi? Na kifua cha shemeji Osvaldo kimetulia? Sisi huku wazima. Kondoo wameanza kuzaa, macho yangu yamevimba kwa kukosa usingizi, lakini chakula kinapita na bado naendesha lori langu la maziwa kila asubuhi.

Sasa kaa chini. Wewe uliyesema nikiimba ng'ombe watakatisha maziwa, kaa chini kabisa. Jumamosi nimeshinda duara la kinubi.

Najua utadhani nakutania. Nilikuandikia kwamba nimejiunga na darasa la bwana Cadfan la nyimbo za kale, zile za tangu mabwana wa ngome walipolisha washairi mezani pao. Sikukuandikia kwamba miaka mitatu mfululizo nilitolewa kwenye ubeti wa kwanza. Nilikuwa nakaa chini hata kabla watu hawajamaliza kuvua makoti, na wenye kunicheka ni wateja wangu wa maziwa, nakutana nao kila siku.

Kosa langu ni la watu wa kwaya. Kwenye kwaya ala ikianza nawe unaanza. Hapa kinubi kinatangulia na wimbo wake, wewe unasubiri, halafu unaingia na maneno yako kwa mahadhi mengine, na mnatakiwa kufika mwisho pamoja. Mimi nilikuwa nadandia mwanzoni, kisha maneno yananiishia mdomoni na kinubi bado kina mstari mzima.

"Meurig, hilo si basi la mwisho," Cadfan alikuwa ananiambia. "Liache liondoke. Utalikuta mbele."

Basi mwaka huu nilijifunza kunyamaza. Nilifanya mazoezi ndani ya lori, nahesabu kwa vidole kwenye usukani. Nilikariri beti ishirini na sita. Niliapa kwamba nikitolewa mara ya nne naacha kabisa, na nilimwambia Cadfan hivyo. Hakunibembeleza.

Ukumbi wa kanisa ulijaa, watu kama themanini. Tulisimama kumi na moja kukizunguka kinubi, tukapiga kura ya zamu. Sheria unazijua: hakuna karatasi, hakuna kurudia ubeti ulioimbwa na mwenzako, na Cadfan, ambaye ndiye mpiga kinubi, anabadilisha wimbo anapotaka. Ukikosa ubeti, au usipofika mwisho pamoja na kinubi, unakaa.

Ubeti wa kwanza nikafika. Sikuamini. Wa pili nikafika. Mwalimu wa shule alikwama, kinyozi wetu akaachwa na kinubi, na mmoja mmoja wakaanza kukaa. Mwisho tukabaki wawili, mimi na Mama Tegwen. Unamkumbuka? Ana miaka sabini na minne sasa, ameshinda mara kumi na moja, na mdomo wake ni uleule.

"Kijana, miguu haijachoka?" akaniuliza mbele ya watu wote.

"Nakusubiri wewe kwanza, Mama."

Watu wakacheka. Yeye akaimba, nami nikaimba. Kisha akachukua ubeti uliokuwa akiba yangu ya mwisho, akauimba vizuri mno. Nilibaki sina kitu. Ishirini na sita zote zimekwisha, nyingine nimeziimba, nyingine nimeibiwa, na Cadfan tayari kaanza wimbo mpya.

Dada, ulikuwepo ubeti mmoja ambao sikuuhesabu, kwa sababu niliutunga mwenyewe na sikukusudia mtu ausikie. Nilisubiri kinubi kitangulie, nikaingia:

Bahari ilikutwaa,
Dada, nami nikakaa;
Lango likilia, taa
Nawasha, nikiduwaa.

Neno la mwisho na mlio wa mwisho wa kinubi vilifika pamoja. Zamu ikawa ya Mama Tegwen. Kinubi kikaanza, naye akasubiri kama inavyotakiwa, akaendelea kusubiri, wimbo ukaisha hajafungua mdomo. Akakaa. Hapo ndipo ukumbi ulipolipuka, na mimi nikasimama pale katikati nalia na kucheka.

Wakati wa chai nilimfuata. "Mama, ulikwama?"

"Kukwama? Mimi? Nilikuwa nazo nne bado." Akachukua kipande changu cha keki ya zabibu. "Ila baada ya huo wako ningeimba nini, ubeti wa mbuzi?"

Mwanamke huyo hajawahi kumpa mtu hata kijiko cha sukari. Kikombe cha ushindi kiko juu ya jiko, nakifuta kila asubuhi, na wateja wangu wa maziwa sasa wanavua kofia.

Wasalimie sana shemeji Osvaldo na wapwa zangu Nélida na Ceri. Mungu awaweke salama mpaka theluji yenu ijayo, na aliponye goti hilo, maana wewe hutalipumzisha.

Nimalizie na hili. Imepita miaka thelathini na miwili tangu uondoke, na katika barua zangu zote nimekuandikia mvua, kondoo na waliofariki. Sikuwahi kukuambia kwamba siku ile nilitaka ubaki. Jumamosi nimelisema mbele ya watu themanini, na nimeona si haki walijue kabla yako.

Mdogo wako akupendaye,
Meurig