Stendi Zako Zilizopikiwa Pilau

Baba,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Mama ameshatoka eda, Zuwena uliyemwacha tumboni mwangu ameshaota meno mawili, na mie ndio kwanza nashika kalamu. Si kwamba nilikusahau. Kila nikikaa niandike, mtoto analia, au nalia mie, basi naona bora nikaoshe vyombo.

Leo nimekaa kizingitini, mlango wa jikoni, kwa sababu Nassor yuko chini ya gari lako. Nnamsikia anakwangua kutu. Mume wangu unamjua, akishaamua jambo ameamua. Chumvi ya ufuoni Yiti imeila chesi, mifupa yote ya chini ya gari, Baba. Ulikuwa ukiambiwa usilishushe gari mpaka majini kwa ajili ya samaki, nawe ukijibu gari ni la kutumiwa si la kutazamwa. Haya, sasa kutu inamenyeka kama maganda ya kitunguu, na Nassor anataka kuikwangua yote na kupaka rangi kwa mkono wake.

Ijumaa iliyopita alizitoa stoo zile stendi zako mbili nyekundu, za kubebea gari likishanyanyuliwa. Nikazitazama. Wekundu hamna, nyeusi tii. Nikamuuliza, zimefanya nini hizi? Akakuna kichwa. Kumbe siku ya hitma yako mafiga yalipungua, Ami Salum akazichukua stendi, akateleka juu yake lile sufuria kubwa la pilau. Sisi wanawake tulikuwa ndani tunasoma, hatukuona. Tumekula pilau la hitma yako lililopikwa juu ya stendi zako! Nikacheka peke yangu, halafu nikakasirika.

Nikamwambia Nassor asizitumie, zimeshapigwa na moto.

"Chuma ni chuma, mke wangu. Kwani kinatengenezwa kwa nini kama si moto?"

"Basi tikisa kwanza."

"Haya, bibi fundi."

Alizifuata taratibu zako zote, hilo nisimdhulumu. Gari pahala palipo sawa, gia ndani, breki ya mkono, kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Ubao mpana chini ya jeki, isizame kwenye kokoto. Jeki ya kunyanyulia tu, stendi ndizo za kubebea. Tairi lililofunguliwa akalilaza chini ya chesi. Ikabaki ile yako ya mwisho, ya kulisukuma gari kwa kiuno kwa nguvu zote kabla mtu hajaingia, huku ukiliambia: "Kama la kuanguka, anguka sasa, nimesimama." Mama akikuona akisema unalichezea gari ngoma.

Nassor akasukuma, anacheka, mkono mmoja ananipungia. Mara ya tatu, mguu wa stendi ya kushoto ukajikunja kama mshumaa uliosahauliwa juani. Gari likaja chini kwa kishindo, likakaa juu ya tairi.

Alikuja akakaa hapa hapa nilipo, akamchukua Zuwena mikononi mwangu, akamnusa kichwa. Akawa anamnusa tu.

Zile stendi nimezipiga nyundo mwenyewe, hata ile nzima, asije mtu akaiokota jaani akaingia nayo chini ya gari. Jana Nassor kapitia madukani Ruwi baada ya kazi, kaja na mpya. Leo kasukuma yeye, nikasukuma na mie, halikutikisika. Lakini situlii, Baba. Mistari hii michache nimeshainuka mara nne kwenda kumchungulia.

Unakumbuka kazi yangu nilipokuwa sijaanza hata skuli? Unaingia chini ya gari, mie nakaa hapa kizingitini. Kila baada ya muda naita, "Baba?" Nawe, hata kama nati imekushinda na umekasirika, unajibu, "Nipo." Na ukaniusia, "Nisipojibu usiingie kunivuta. Kimbia ukamwite mtu mzima." Nikidhani ni mchezo.

Wala gari halikukufanya kitu. Umekufa kitandani, shuka safi, nimekushika mguu. Niliita vile vile, kwa sauti ile ile ya utotoni, sijui imetoka wapi. "Baba?" Nikangoja. Mama akaniambia, mwanangu, basi.

Ngoja. Kukwangua kumenyamaza.

Nimerudi. Nimeita mara mbili, hakujibu! Kalamu iliniponyoka, nimeiokota sasa hivi. Ndio nasikia, "Nipo, nipo! Kutu imeniingia jichoni!" Nimemgombeza mpaka jirani kachungulia. Nikamwambia, jibu mara ya kwanza, hata kama jicho limetoka.

Sasa mjukuu wako Rahma kaja kukaa ubavuni mwangu na mdoli wake, naye kaidaka kazi yangu. Anaita, "Baba?" Chini ya gari: "Nipo, mama." Anaita tena, hata nusu dakika haijapita. "Nipo, mama." Miaka minne, na sauti ni yangu.

Mungu akupanulie hapo ulipolala, akutilie nuru. Nnakuahidi, maadamu niko nyumba hii, hakuna atakayeingia chini ya gari kabla ya kulitikisa, wala hakuna atakayekaa chini yake bila mtu wa kumwita. Ni mie mwanao, Asya.

Ulipokuwa ukienda Ruwi kununua vipuri uliniambia, "Andika vyote, nisirudi mara mbili." Basi naandika vyote, uniletee kwa ndoto. Pahala ulipoiweka spana ya kumi na tisa, tumeipekua nyumba nzima. Ile dawa ya kulegezea nati uliyokuwa ukiichanganya kwenye chupa ya siki, ulitia nini na nini. Na jibu moja. Nitakuita kutoka hapa kizingitini. Jibu mara ya kwanza.