Mbegu Hairudi Ndani

Jumanne, 19 Novemba

Kipimamvua cha shuleni kikavu. Buibui amejenga ndani. Nimemwacha, naye anatafuta riziki.

Pikipiki ya ofisi imegoma tena. Nimeisukuma hadi kijijini huku watu wakinipa pole za mdomo.

Utabiri wa msimu umefika kutoka wilayani. Mvua itaanza mapema, halafu itakatika wiki mbili au zaidi, ndipo irudi ile ya kweli. Wakulima wasipande na mvua ya kwanza. Mimi ndiye afisa ugani wa hapa Idodi, kwa hiyo kuwaambia ni kazi yangu. Rahisi kusema ukiwa umekaa wilayani.

Tatizo ni Jumapili. Baba ndiye mwinjilisti wa kanisa letu dogo la Kilutheri, na Jumapili hii anabariki mbegu. Hapa kwetu mbegu ikishabarikiwa hairudi ndani ya nyumba. Inalala barazani. Mvua ya kwanza ikinyesha, kesho yake inaingia ardhini. Ukiirudisha ndani ni kama umemwambia Mungu kwamba ulikuwa unatania. Nimekulia humo. Hata nilipokuwa chuoni, marehemu mama alinibebea ndoo yangu ya mbegu madhabahuni.

Naogopa Jumapili.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimekwenda kwa baba kumwomba aahirishe ibada ya mbegu. Nimemweleza vizuri, joto la bahari, upepo, yote. Alisikiliza huku anachonga mpini wa jembe.

"Mama," akasema, ndivyo anavyoniita mimi bintiye tangu utotoni, "nilianza kubariki mbegu kabla wewe hujaota meno."

Kisha akaomba maji, akameza vidonge vyake vya presha. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Vidonge vya daktari vinapita kooni bila shida. Utabiri wangu ndio unamkwama.

Nimerudi na hasira. Sijui namkasirikia yeye au wilaya.

Jumapili, 24 Novemba

Ndoo zimejaa mbele ya madhabahu, na madumu, na vibuyu vya kina bibi. Baba alibariki. Sauti yake ikishuka kwenye "ardhi itoe mazao yake" mimi hulia kila mwaka. Leo pia.

Wakati wa matangazo akanipa nafasi nizungumze. Hakulazimika. Nilisimama, nikasema msipande na mvua ya kwanza, subirini. Nikataja asilimia. Sijui nani alinituma kutaja asilimia kanisani.

Mzee mmoja wa kanisa akasimama. "Afisa, kwa hiyo Mungu naye asubiri simu yako ipate mtandao?" Kanisa zima likacheka. Baba hakucheka.

Ndoo yangu sikuipeleka. Ni mara ya kwanza. Iko chini ya kitanda na mfuniko wake. Baba alizihesabu ndoo kwa macho, akaniangalia, akaendelea na wimbo.

Jumatatu, 25 Novemba

Mama Shija amekuja ofisini. Ni mjane wa Kisukuma, alihamia huku kutoka Usangu na watoto wanne. Hana ng'ombe tena. Ana debe moja la mbegu, basi.

"Dada, mimi huku mgeni. Mvua za huku sizijui. Nipande ama nisipande?"

Nikamwambia asubiri.

"Haya. Nimekusikia wewe."

Hakuuliza kitu kingine. Afadhali angebishana. Kanisani nilizungumza na watu wengi, na maneno ya wengi hayana mwenyewe. Haya ya leo yana mwenyewe, na ana watoto wanne.

Jumatano, 27 Novemba

Imenyesha. Milimita thelathini na moja. Buibui kaenda na maji.

Kufikia asubuhi kijiji kizima kilikuwa shambani. Plau, majembe, watoto hawakwenda shule. Baba anapanda huku anaimba, namsikia kutoka barabarani. Nimepita na pikipiki nimeinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa.

Mama Shija amekaa mlangoni kwake na debe lake. Shamba tupu. Amenipungia mkono.

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua tena. Na juzi. Na Ijumaa.

Mahindi ya baba yameota, mistari imenyooka. Wamenipa jina: Afisa Ukame. Dukani wananiuliza kama kiangazi kimeshafika au bado kiko njiani na pikipiki yangu. Nacheka nao. Nikifika nyumbani sili.

Nimempigia mkuu wangu wa wilaya. Anasema utabiri ni ule ule, nitulie. Yeye hana jirani anayeitwa Mama Shija. Mtoto mkubwa wa mama huyo leo kaniuliza, "Shangazi, sisi tunapanda lini?" Nikasema karibuni. Karibuni gani?

Alhamisi, 5 Desemba

Niandike tu, hakuna atakayesoma.

Nimeomba mvua ikatike.

Nilipiga magoti kama kawaida, nikaanza na wagonjwa na wasafiri. Kisha likanitoka. Bwana, ikate. Mama Shija asiaibike. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa kwa sauti. Ya pili sikuitamka, lakini Yeye hahitaji sauti. Nilitaka niwe nimesema kweli.

Shamba la baba limeota, na mimi bintiye nimeomba likauke. Nimejiogopa. Nilijaribu kuomba upya, kuifuta ile ya kwanza, maneno hayakuja. Shuleni nilifundishwa kwamba mawingu hayasikilizi mtu. Usiku huu hilo ndilo nililotaka kuamini kuliko yote.

Jumapili, 8 Desemba

Ibada ya shukrani kwa mvua. Jua la kuchoma ngozi. Haijanyesha tangu Alhamisi.

Baba hakunisema mahubirini. Hata kwa mafumbo. Heri angenisema.

Jumamosi, 14 Desemba

Kavu. Majani ya mahindi yamejikunja tangu saa nne asubuhi. Upepo wa vumbi kutoka upande wa hifadhi.

Hawaniiti Afisa Ukame tena. Wananisalimia vizuri mno. "Kamwene, Afisa," na mtu anasimama kunipisha njia. Leo mama mmoja aliyenicheka kanisani amenifuata hadi kwenye pikipiki, akanishika mkono, akanong'ona:

"Afisa, tumekosa. Fungulia basi."

Fungulia! Wanadhani nimeifunga mvua, kama wale wazee wa zamani wa vibuyu. Nimemweleza habari za bahari na upepo. Ametikisa kichwa kwa heshima, namna mtu anavyomsikiliza mganga anayeficha dawa yake.

Wiki mbili zilizopita hawakuniamini hata kidogo. Sasa wananiamini kupita kiasi, na yote mawili ni kosa lilelile. Ningecheka kama nisingekuwa nimeomba. Yule mama hajui alivyoukaribia ukweli.

Alhamisi, 19 Desemba

Shamba la baba limekufa.

Nimemkuta amepiga magoti katikati ya mstari, anafukua kwa kidole kuona kama kuna mzizi ulio hai. Hajala tangu jana, jirani ameniambia. Mbegu yote aliipanda. Hakubakiza, maana kubakiza nako ni kurudisha ndani.

Nilikuwa nimejiandaa kumfariji. Badala yake nikamwambia. Palepale, nimesimama kwenye udongo wake. Baba, niliomba ikatike. Nikalia vibaya, kwa kamasi.

Alikaa chini kabisa.

"Uliomba wewe peke yako?"

Nikasema ndiyo.

"Na sisi kanisa zima tuliomba inyeshe. Na wazee, na kwaya. Halafu wewe ukatushinda?" Akaanza kucheka. Meno yote. "Mama, hata kwaya walikutoa kwa sababu ya sauti."

Nilikasirika, kweli nilikasirika, nimebeba mzigo wa wiki mbili na mtu anaucheka. Kisha na mimi nikacheka. Tulicheka katikati ya mahindi yaliyokufa mpaka mbwa wake akaja kutuangalia.

Alipotulia akasema taratibu, "Kuomba vibaya wote tumeomba. Mimi niliomba uonekane mwongo."

Nilimpikia ugali, akala.

Jumatatu, 23 Desemba

Wilayani wanasema mvua itarudi kuanzia mwisho wa wiki hii. "Uwezekano mkubwa." Nimelisoma hilo neno mara nyingi. Mkubwa kiasi gani?

Nimetoa ndoo chini ya kitanda. Inatosha shamba moja, langu au la baba. Sikufikiri sana. Nimempelekea.

Akafungua mfuniko, akatia mkono, akaziacha mbegu zipite kati ya vidole.

"Hii haijabarikiwa."

"Haijabarikiwa, baba."

Nilisubiri anikemee. Akafunika.

"Unasema tubariki lini?"

Niliomba arudie swali. Akarudia, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi. Nikasema Jumapili. Akauliza nina uhakika? Nikasema hapana, nina uwezekano mkubwa. Akafikiri kidogo, akasema kwa kazi yake yeye hata huo hajawahi kuupata.

Jumamosi, 28 Desemba

Siwezi kukaa. Mawingu yamekuja mchana, yakaondoka. Nimeangalia simu mpaka chaji imeisha, nikamsumbua mwenye duka kwa ajili ya umeme. Safari hii nikikosea, watakaoumia ni wote, na baba ndiye mbele yao. Mbegu ya kupanda mara ya tatu haipo Idodi nzima.

Nimepita kwa Mama Shija. Amesafisha shamba, hakuna hata jani. Nikamuuliza kama anaogopa. "Naogopa, dada. Sasa nifanyeje, nisilale?"

Jumapili, 29 Desemba

Ndoo hazikujaa kama mwezi uliopita. Wengine wameazima, wengine wamekuja na kikombe. Mama Shija si wa kanisa letu lakini alikuja na debe lake, akaliweka pembeni, mbali kidogo. Baba akashuka, akalibeba mwenyewe, akaliweka katikati.

Hakuna aliyetaka nizungumze. Sikutaja asilimia.

Jioni. Mawingu upande wa Iringa, mazito, hayasemi kitu. Nimeosha kipimamvua, nikakifuta kwa gauni.

Sikuomba mengi leo. Niliwataja wagonjwa na wasafiri, nikanyamaza.

Kabla sijaondoka kwake, baba aliniuliza kama nataka ile ndoo niliyompa aihifadhi ndani, panya wapo. Nikasema hapana. Nimeiacha barazani kwake.