Ndege Iliyotoka Ziwani

Jumatatu, 3 Machi
Mvua ya asubuhi. Nimepalilia mihogo mistari miwili, mgongo umeukataa wa tatu. Nikateremka Kitaji kunyolewa kwa Magesa. Televisheni ya kinyozi huyu haizimwi. Leo wanaonyesha mitambo mipya ya kuzuia makombora ikishushwa melini, kule Ghuba, nchi ile ile anakofanya kazi za ndani binti yangu Nyangi. Wameinunua kwa Wazungu. Jirani yao naye kanunua ya kwake kwingine. Wateja wanabishana ipi inapiga mbali zaidi, utadhani wanabishania washambuliaji wa timu. Wakaniuliza mimi, kwa kuwa pale naitwa Mzee Mzinga. Nikawajibu kitaalamu, miguu nimeikunja nne. Najichukia nikiwa hivyo.

Jumatano, 5 Machi
Nyangi kapiga simu. Tajiri wake anahamisha familia. Yeye kapewa achague: tiketi ya ndege ya Jumapili, au abaki na mpishi walinde nyumba mpaka hali itulie. Ving'ora vimeshaanza kulia. Jibu linatakiwa kesho kutwa.
"Baba, wewe ulikuwaga kwenye mizinga," akasema. "Niambie. Nibaki ama nipande?"
Nikasema nitafikiri. Mama Nyangi akanitazama tu. Amezoea kwamba mambo haya nayajua.

Alhamisi, 6 Machi
Niandike, maana humu hasomi mtu.
Mwaka wa vita nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wakaniweka kwenye mzinga wa kutungulia ndege, juu ya mwamba, hapa hapa Musoma. Amri ilikuwa moja: adui atatokea ziwani. Siku tatu macho ziwani, tumbo halishiki kitu. Ikaja ndege moja, chini kabisa, jua likiwa nyuma yake. Nikapiga.
Nikakosa.
Ilikuwa ndege yetu, inakuja kutua. Na uwanja wetu uko kando ya maji, ndege hupitia ziwani. Kila mvuvi wa Mugango alilijua hilo. Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Mugango. Nilikuwa nikizipungia mkono ndege hizo hizo, nimesimama kwenye mtumbwi wa baba. Siku ile hofu ilinisahaulisha.
Mkubwa wetu alinizaba kofi, yakaisha. Nikarudi kijijini na ganda la risasi, la shaba, refu kama mkono. Nikamwambia baba nimeangusha ndege ya adui. Akachinja dume. Nyama ikishaliwa na ukoo mzima, unaanzia wapi kusema ulidanganya?
Ganda liko juu ya kabati. Nyangi alipokuwa mdogo alilisugua kwa majivu kila Krismasi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia abaki.
Sababu ninayo. Mtambo unaweza kuwa wa bei yoyote, anayekaa nyuma yake ni kijana, na kijana huyo hajala siku tatu. Kitu kikipita angani, haulizi kama ni cha abiria. Nyumba angalau ina kuta.
Nyangi akasema, "Sawa, baba." Ananiamini, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi, 8 Machi
Mambo yameharibika. Kombora limezuiwa, watu wakashangilia, kisha vipande vikaangukia nyumba za watu. Nyangi katuma picha. Chuma cheusi, kirefu kuliko mlango, kimelala kwenye paa la jirani. Kutoka chumbani kwake ni hatua chache.
Mama Nyangi alikuwa anachambua dagaa. Akaitazama picha, akaweka ungo chini. "Huyu ndiye umemwambia akae?"
Nikamweleza. Yote, ndege na kofi na dume la baba. Niliongea nikitazama dagaa. Yeye ni mtu wa Butiama, hapazi sauti.
"Miaka yote unanilisha hiyo hadithi," akasema. "Nimeisimuliaga hadi kwetu. Sawa. Lakini mtoto wangu hatakaa chini ya vyuma kwa sababu wewe uliogopaga. Mpigie."
Nikapiga. Nyangi alikuwa ameshakataa tiketi, na tiketi hiyo kapewa mpishi. Nikamwambia akaombe nyingine. Akaenda kumwomba tajiri. Saa nzima mimi na mama yake tumekaa na simu kati yetu. Ujumbe ukaja: ipo nafasi moja, kesho usiku.
Basi nimempandisha mimi. Likitokea lolote, nimempandisha mimi.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Mama Nyangi amekwenda peke yake, amerudi, hakuniambia mahubiri.
Saa tatu usiku Nyangi ameandika: tumefunga mikanda. Baada ya hapo kimya.
Namwona yule kijana wa kwenye mtambo. Sijui lugha yake wala sura yake, ila tumbo lake nalijua. Nimemwombea yeye kuliko nilivyomwombea binti yangu. Mungu mtulize. Mpe mtu wa kumwambia subiri kwanza.
Simu ya Nyangi haipatikani.

Jumatatu, 10 Machi
Bado haipatikani. Ndege ilitakiwa iwe Dar alfajiri. Magesa kanitumia salamu, wananitaka nikawachambulie vita. Sijajibu.
Saa nne asubuhi: "Nimetua Dar. Tulizungushwa mbali, chaji iliisha."
Nilikuwa shambani. Nikakaa chini kwenye tope.

Jumatano, 12 Machi
Mama Nyangi alishindwa kungoja stendi yetu ya Bweri. Tumekwenda kumpokea Bunda, basi la Mwanza linaposimama. Amekonda. Utingo akabamiza mlango wa buti, Nyangi akachutama pale pale, mikono kichwani. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimechutama pia.

Alhamisi, 13 Machi
Jua leo. Nyangi kaamka kabla yetu. Nimemkuta uani na majivu kwenye kibakuli, analisugua lile ganda kama zamani.
Nikamwambia aache. Kisha nikamwambia kwa nini.
Aliendelea kusugua. "Na rubani?"
"Alitua."
"Alikujaga kujua ni wewe?"
"Hapana."
Akamaliza upande uliobaki, akalisuuza, akampelekea mama yake jikoni. Mama Nyangi amekuwa akiniomba ganda lile la kuwekea miko tangu tulipooana, nami nilikuwa namwambia silaha haichezewi. Leo hakuniomba.
Miko imeenea. Mwiko wa ugali tu ndio umezidi urefu.
Mstari wa tatu wa mihogo bado una magugu. Nyangi anasema tutaupalilia pamoja jua likipungua.