Benchi la Mama Sabina

Kulwa,

Shikamoo, maana ulinitangulia kuzaliwa kwa nusu saa na hujaacha kunikumbusha.

Viti vya plastiki nimeviona. Siku hizi vimejaa madukani Mwanza nzima, kila rangi uliyoitaka kwa mgahawa wetu. Ila kabla ya kununua niliingia kula kwa Mama Sabina, kimgahawa cha zamani hapa Buzuruga: vikombe vya bati, sato wa mchuzi, ugali wa muhogo, na benchi moja refu kama lile la marehemu mama. Niliposhiba nikainuka kimya kimya. Benchi likabinuka! Mzee wa watu aliyekaa upande wa pili akaenda chini na chai yake.

Mama Sabina akanijia na mwiko mkononi. "Hapa mtu akitaka kuondoka anasema 'nainuka', wenzake wajishikilie. Kwenu mnaondoka tu bila kuaga?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mzee akajifuta chai, akacheka, akanisogezea nafasi. "Kaa tena, binti, uinuke vizuri."

Nikakaa. Nikasema, "Nainuka." Benchi zima likaitikia, "Karibu tena!"

Kulwa, nimekata shauri. Viti sinunui, na benchi la mama lisitoke, hata kama jirani ameshakuja na shoka kulichanja kuni. Utagombana nami nikirudi. Wabusu watoto, na mchicha wangu uumwagilie.

Haya, jishikilie: nainuka.

Doto